Sauti ya Pili ya Bertilla

Bertilla aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kigango, pale Mpui, tangu ana mtoto mmoja mgongoni mpaka ana wajukuu. Mumewe Kornel hakuwa mtu wa kwaya. Nyimbo alizijua kwa kumsikia mkewe akiimba huku anasaga ulezi, na nyumbani Bertilla hakuimba ila sehemu yake, ile ya chini. Kornel akadhani ndio wimbo wenyewe.

Bertilla akafa. Matanga yalipokwisha, binti yao Luciana akapeleka kaseti ya kwaya, aliyoimba mama yake, kwa Lydia, mama anayechoma CD sokoni Sumbawanga. Kaseti akaiacha huko, akarudi na CD moja, ndani yake kwaya za jimbo zima. Wakaiweka kwenye deki.

Kornel akashtuka. Ndani ya wimbo wa kwaya ya Mpui mlikuwa na kelele, kama uji unatokota.

"Ni betri hiyo, baba," Luciana akasema.

Wakaazima betri nyingine. Uji unatokota. Wakakaza nyaya, wakaondoa spika juu ya sanduku la bati. Uji ule ule. Wakaweka CD ya jirani yao Masunga, ya ngoma za Kisukuma. Safi, hata njuga unazisikia moja moja.

"Basi ugonjwa uko kwenye CD yetu," Kornel akasema. Asubuhi akapanda gari la mjini.

"Shikamoo, mzee wangu," Lydia akamkaribisha.

"Marahaba. CD yako inatokota."

Lydia akaiweka, akasikiliza, akacheka. "Aa, hii! Nyimbo ni nyingi, mzee. Ili zienee lazima nizibane. Nikibana, kompyuta inatupa vitu vidogovidogo. Wenzako wananisifu nimewajazia!"

"Inatupa nini?"

"Vile ambavyo mtu hata hagundui vimetoka."

Kornel akasikiliza tena. Sauti za juu zilikuwepo zote. Kelele ilikaa chini, palepale pa Bertilla.

"Umemtupa mke wangu," akasema.

Kicheko kikamkauka Lydia. "Yesu wangu! Mzee, sikujua."

"Kaseti iko wapi?"

"Kaseti…" Lydia akatazama pembeni. "Zisizofuatwa huwa tunarekodia juu yake."

Kornel akashika meza. Lydia akamwaga boksi zima sakafuni, akapiga magoti, akapekua. Ya taarabu. Ya mahubiri. Ya taarabu tena. Jasho likamtoka, na baridi ile ya Sumbawanga.

"Hii hapa! Kwaya ya Mpui." Akaitia kwenye redio. Kwaya ikaimba.

"Nichomee wimbo huo mmoja," Kornel akasema. "Usiubane."

"Mmoja, CD nzima? Mzee, itabaki tupu!"

"Ibaki."

Alipofika nyumbani, Luciana alikuwa jikoni anasonga ugali. Kornel hakumwita. Akaiweka CD mpya mwenyewe, akakaa. Mlikuwa na ule mvumo wa zamani wa kaseti, kama upepo wa huku kwetu. Huo hakuujali. Kabla ya ubeti wa tatu mtu akavuta pumzi, karibu kabisa, kama yuko nyuma ya sikio lake, kisha sauti ya chini ikaingia.

"Naam!" Kornel akaitika, akasimama wima.

Luciana akaja mbio, mwiko mkononi. "Umeniita, baba?"

Kornel alikuwa ameutolea macho mlango, anamngoja Bertilla aingie.