Kitambaa Cheupe cha Mama Mkwe

Pamba ya kwetu Shishiyu ilisafiri kuliko sisi. Lori liliipeleka jinari kutolewa mbegu, ikabanwa marobota, ikapanda treni Malampaka mpaka bandarini, ikavuka bahari. Mimi nilikuwa sijafika hata Mwanza. Lakini kuchuma nilijua, na kama mnadhani najisifu, ulizeni.

Mwaka mmoja, enzi za vijiji vya ujamaa, karani wa kununua pamba alituita mkutanoni. Alisema wanunuzi wa ng'ambo wamefungua marobota wakakuta nyuzi nyeusi. Zilitoka kwenye kaniki zetu, maana sisi wanawake tulijifunga kaniki kiunoni tukachumia humo. Tangu siku hiyo pamba yenye uzi itakuwa fifi, daraja la chini, hata iwe nyeupe kama maziwa. Tuchumie kitambaa cheupe.

Cheupe tukitoe wapi? Duka la kijiji lilikuwa na majembe na viberiti, basi. Na mume wangu alikuwa ameniahidi mabati iwapo pamba yote itapita safi. Nilikuwa nimechoka kuhamisha vyungu kila nyasi za paa zikivuja.

Nyumba nzima kitambaa cheupe kilikuwa kimoja, sandukuni kwa mama mkwe. Alikinunua Bariadi zamani, maduka yakiwa bado yana vitu. Ilikuwa sanda yake. Mama yake alizikwa kwenye ngozi ya ng'ombe, naye alishasema hataki kunuka zizi kaburini. Sasa unaanzaje kumwomba mzee aliye hai sanda yake? Pamba ikazidi kupasuka.

Asubuhi moja akanifuata shambani nacho kwapani. Akaifungua kaniki kiunoni mwangu, akanifunga chake.

"Mayu, mama yangu, hiki si..." nilianza.

"Mwaka huu sina mpango wa kufa. Chuma. Nikifa kabla hujakifua, mtanizika na kaniki yako, na nitarudi kukuuliza."

Siku ya kuuza, karani alizamisha mkono guniani hadi kwapani, akapekua, akatoa pamba, akaitazama juani. Hakuna uzi. Akasema yote safi, kisha akauliza kitambaa cheupe nimekipata wapi. Nikamwambia ni sanda ya mama mkwe. Alijifuta mkono kwenye suruali, na wanawake waliopanga foleni wakacheka mpaka kupima kukasimama.

Mabati tulipata. Kitambaa nilikifua kwa majivu, maana sabuni nayo ilikuwa imeadimika, lakini madoa ya majani yaligoma kutoka. Mama mkwe alikikagua kama yule karani, akakirudisha sandukuni. Msimu uliofuata akakitoa mwenyewe.

Aliishi miaka mingi chini ya mabati yale, akilalamikia kelele za mvua. Alipofariki maduka yalishajaa tena. Mume wangu akaleta kitambaa kipya cheupe, chenye mhuri wa nchi ya watu. Nikakikubali kiwe cha juu. Kilichogusa mwili wake kilikuwa kile chake, na madoa yake yote.