Aliyesema Mama Yangu Apite

Mtakaosoma, mnivumilie kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na r na l bado zinanipiga chenga. Haya nimeyaandika kwa siku nne. Kwa mdomo nisingeweza. Mbele za watu sauti yangu hukauka.

Mimi na mama tunachuma chai katika shamba moja upande wa Suma. Mimi nilizaliwa huku huku Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi. Mama alizaliwa Burundi. Alikimbia vita vya kwao akiwa na miaka kumi na minne. Nyumbani aliondoka na kaka yake, lakini mpaka wa nchi aliuvuka peke yake. Hayo tu ndiyo niliyoyajua mpaka mwaka jana.

Mwaka jana alikuja kuchuma mwanamume mmoja mwenye mvi, mpole, anayecheka na kila mtu. Siku ya tatu alimtazama mama kwa muda mrefu, kisha akamwuliza kwa Kirundi kama yeye si binti wa mwalimu wa kilima chao, maana kwao kijiji huitwa kilima. Alifurahi kama mtu aliyekuta ndugu yake njiani. Mama aliacha kuchuma. Majani aliyokuwa ameyashika yalidondoka, akayakanyaga.

Kabla ya mchana shamba zima lilikuwa na habari, na aliyeitangaza ni yule mtu mwenyewe. Alisema wakati wa vita vijana wa kilima chao walifunga barabara, naye alikuwa mmoja wao, alilazimishwa. Mama alipofika pale, yeye ndiye aliyewaambia wenzake, "Huyu msichana apite." Basi mama akapita, akaishi, akanizaa.

"Kumbe una mwokozi wako hapa hapa!" wanawake walimwambia mama. "Si umpikie hata kuku!"

Mama hakupika kuku.

Aliyewahi kuchuma chai anajua kwamba salfeti, lile gunia la plastiki, ikijaa majani mabichi huwezi kuipandisha kichwani peke yako. Lazima mtu akutwishe. Hata waliogombana hutwishana, maana kesho na wewe utahitaji. Yule mtu akaanza kumwahi mama.

"Dada, nikutwishe."

"Usiniite dada. Toa mkono kwenye mzigo wangu."

"Vita viliisha, dada. Nchi yenyewe imeshasameheana."

"Basi kaitwishe nchi."

Siku moja nilikuwa mbali, nisiweze kumtwisha, basi mama alimwaga nusu ya majani kwenye nailoni anayojifunga kiunoni, akaenda banda la kupimia mara mbili, kwenye utelezi na mvua. Watu wakaanza kusema. "Ana roho mbaya huyu." "Ndiyo maana kwao waliuana." Hilo la pili lilisemwa na mwanamke ambaye mtoto wake nilimbeba mgongoni mpaka zahanati alipougua. Mpaka leo simsalimii.

Kisha mzee wa kanisa akatangaza kwamba Jumapili, baada ya ibada, mama atampa yule mtu mkono na kumshukuru mbele ya wote. Mama mwenyewe hakuulizwa. Akikataa, mzee alisema, asifike kwenye kwaya. Na kwaya ndiyo sehemu pekee ambapo mimi humsikia mama akitoa sauti kubwa.

Jioni mama aliniuliza, "Wewe unaonaje?"

Nikasema, "Mpe tu mkono, yaishe." Najilaumu kwa neno hilo.

Bibi mwenye nyumba tunayopanga, Mnyakyusa wa hapo hapo, alikuwa anamenya ndizi. Akadakia.

"Yaishe yaende wapi? Sisi hapa ukoo ukigombana hatuli pamoja mpaka kila mtu ameitoa hasira yake kwa mdomo, mwenzake anasikia. Anayesema hana neno, na neno analo, huyo ndiye tunayemwogopa." Akamgeukia mama. "Mwanangu, usimpe mkono. Mpe hilo lililoko tumboni."

Jumapili watu walisimama kwenye nyasi nje ya kanisa. Yule mtu alikuwa amevaa koti, mkono ameshaunyoosha, anatabasamu. Mama hakuushika.

"Ulisema mimi nipite," mama alisema. Alisema kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Na kaka yangu, niliyekuwa nimemshika mkono, yeye ulisemaje?"

Yule mtu alimtazama mzee wa kanisa.

"Usimwangalie huyo, hakuwepo. Ulisemaje?"

"Dada, mambo ya zamani hayo..."

"Ulisemaje?"

Mkono wake ukashuka. "Nilisema abaki."

"Sema tena. Wa nyuma hawajasikia."

"Nilisema abaki."

Mama alijifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Bibi alisema "ndaga", yaani asante, kama mtu aliyekabidhiwa kitu, akamfuata. Mimi nilibaki nimesimama, kisha nikakimbia nyuma yao.

Hakuna aliyekumbatiana na mtu siku ile. Mzee wa kanisa anasema tuliharibu Jumapili ya watu, na kwenye kwaya mama haendi tena. Wapo wanaosema yule mtu tumemwaibisha bure. Yeye bado anachuma, mistari miwili kutoka kwetu. Hasimulii tena kwamba alimwokoa mtu. Hamwiti mama dada. Salfeti ya mama ikijaa, anabaki pale alipo, ameinamisha kichwa, mpaka mimi nifike nimtwishe.

Mimi namchukia, siwezi kuwadanganya. Nilimwuliza mama kama siku moja atamsamehe. Alisema, "Yeye ameanza kusema ukweli juzi tu. Mimi nimekaa na hili miaka mingapi? Na yeye asubiri."

Ninyi mliotoka kwenye vita, au wazazi wenu walitoka, na sasa mnafanya kazi mahali pamoja na mtu kama huyu, naomba mniandikie. Msiniambie nisamehe, hayo nimeshaambiwa. Niambieni tu, asubuhi mkikutana kwenye njia nyembamba ya shambani, huwa mnasalimianaje?