Shemeji Yangu Aliyebaki Baharini

Siku yangu ya kwanza kwenye uwanja wa ndege wa Kasongo nilipewa panga tu. Kapita, musimamizi wetu, alinieleza kwamba majani yakirefuka, ndege hupinduka. Tulikata, tukafukuza mbuzi, tukawasha moshi ili rubani aone upepo unakoelekea. Baadaye nikapandishwa kwenye esansi, mafuta ya ndege. Tuliichuja kwa ngozi laini inayozuia maji, maana maji kidogo tu kwenye injini huua mutu angani. Kazi hiyo ilimaliza mabega yangu. Mashefu wa Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, walikuja na kuondoka, nami nilibaki na madumu.

Rubani mumoja simusahau. Alikuwa Muzungu kijana, tukamwita Bwana Kipanga kwa jinsi alivyozunguka muji kabla ya kutua. Akishakabidhi mifuko ya posta, alikuja kwetu kula muhogo na samaki. Hapo ndipo alipomwona dada yangu, Zaina. Alileta mahari mbele ya baba, vitambaa na mbuzi, akajieleza kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. Watu wa musikiti walinung'unika, kwa kuwa hakuwa Muislamu. Baba akawaambia hawezi kumufukuza mutu aliyekuja kwa adabu, akamuoza Zaina.

Vita ya Wazungu ilipoanza, aliitwa. Tukasikia anarusha ndege za jeshi la maji, zile zinazoruka na kutua juu ya meli pana, katikati ya bahari.

Kisha siku moja Shefu wa uwanja, Muzungu wa maneno machache, alitukusanya kibandani. Alisema ndege ya kijana yule ilipoiacha meli, injini iliishiwa nguvu. Ikaanguka mbele ya meli yenyewe, na meli haikuweza kusimama. Akatuonya tusipeleke maneno mujini. Habari ile ilikuwa ya Wazungu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Zaina. Alikuwa anatwanga mupunga. Alinisikiliza mupaka mwisho, mutwangio mukononi.

"Hiyo bahari iko kubwa kupita Lualaba?"

"Inapita."

"Basi hawatamuokota."

Akamaliza mupunga uliokuwa kinuni, ndipo akaingia ndani. Wazee wa musikiti walisema mume wa namna ile hakaliwi eda. Mama akamutandikia mukeka hata hivyo, na majirani wakaanza kuingia, mumoja mumoja.

Mimi nilirudi kwa Shefu kuomba konji, ruhusa ya kukaa matanga. Akauliza nani amekufa. Nilikuwa nimeona watu wakichapwa fimbo kwa maneno madogo kuliko yale niliyotaka kusema.

"Shemeji yangu, Bwana. Mume wa dada yangu. Yule wa kwenye meli."

Akavua kofia, akaiweka mezani.

"Nenda," akasema. "Usirudi kabla ya matanga kuisha."

Nilifanya kazi pale mupaka uzee ukaniondoa. Vijana mukiniuliza kuhusu ndege, natamani mungeniuliza jambo lingine, nimechoka nazo. Zaina aliolewa tena, na fundi cherehani wa Lusangi, akazaa, akaishi vizuri. Lakini kila nilipokwenda kumutembelea shambani, ndege ikipita juu yetu, sisi wengine tuliinua macho. Yeye aliendelea kulima.