Mbwa Aliyefuata Upawa

Mama yangu ana magoti mabovu na kichwa kigumu, na vyote viwili huvipandisha dunguni kila mpunga unapoanza kuchanua. Dungu letu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, bondeni huku Mahege, na kazi ya aliyemo ni kupiga debe na kuwatukana nguruwe pori mpaka kuche. Mwaka juzi kipandio cha ngazi kilikatika akiwa katikati. Aliumia kiuno, akalala kitandani muda mrefu, na alipoinuka jambo la kwanza aliloulizia ni debe lake. Mimi niliogopa, na sikuona haya kuogopa. Nilijua akianguka tena nitamzika. Lakini kila nikimsihi ashuke alale nyumbani kama wazee wenzake, hunijibu kwamba nguruwe hawana habari na uzee wa mtu.

Ndiyo maana nikaleta mbwa, alinde shamba badala yake. Nilipewa kule Nyamisati na mchuuzi wa boriti ambaye jike lake lilikuwa limezaa kupita kiasi. Mama alimtazama mara moja tu, akaenda kutawadha, ingawa mbwa hakumgusa. Kisha akatoa masharti: asikanyage uani, asinuse chungu, asisogelee mswala.

"Siku akivunja moja tu," akasema, "arudi alikotoka, na mie narudi dunguni."

Kwetu mbwa hufundishwa kwa mawe, na hufuzu akiwa chongo. Mimi nina simu ya kupangusa na bando la wiki, nikajiona nimestaarabika. Nikapakua programu ya kufundisha mbwa nyumbani. Ndani yake mna mama mmoja wa Kizungu mwenye sauti laini ya mtu ambaye nguruwe hawajawahi kumharibia usingizi, na mbwa wake analala kwenye kochi. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, lakini somo la kwanza nililielewa vizuri mno: weka kitoweo kwenye kiganja, mwache alambe, mpapase kichwa, kisha mkumbatie.

Nikazima simu nikakaa chini. Mate ya mbwa yakikugusa, kwetu unaosha mara saba, na mara mojawapo kwa udongo. Masomo yenyewe ni ya kutwa. Ningemfuata yule mama, ningemaliza kisima na nusu ya udongo wa kijiji.

Nikautafuta upawa wa zamani, kifuu chake kimeshamegeka ukingoni, nikaufunga kwenye ufito mrefu. Huo ndio ukawa mkono wangu. Dagaa wanakaa ndani ya upawa. Ukiinuka juu, maana yake kaa. Ukishuka, lala. Ukienda mbele, fuata. Kumpapasa nilimpapasa kwa ncha ya ufito, naye akavumilia. Programu ikawa inaniuliza kama uhusiano wetu unakua, nami nabonyeza ndiyo. Waendesha bodaboda wakipita wanapunguza mwendo.

"Dada, mwanafunzi yuko darasa la ngapi?"

"Kashawapita nyie!"

Na kweli alifundishika. Uani hakukanyaga, mswala hakuusogelea, na mama akawa analala nyumbani, akilalamika kwamba godoro linamchoma. Nikaanza kutembea kijijini kama mwalimu mkuu.

Nilichokosa kukiona ni kwamba yule mbwa hakunifuata mimi hata siku moja. Alikuwa anaufuata upawa.

Nililijua hilo kwenye harusi ya jirani. Hapa harusi haipikwi bila mama. Yeye ndiye mpishi mkuu, na anayetia chumvi bila ruhusa yake atajuta. Mbwa nilimwacha shambani amefungwa, lakini somo la kutotafuna kamba nilikuwa sijalifikia. Tukiwa nyuma ya nyumba, masufuria mekoni, kila mwanamke na upawa wake, huyo akaingia. Akazitazama pawa zote, akauchagua ulio mkubwa kuliko zote, wa mama. Akakaa mbele yake, kimya, masikio juu.

Wanawake wakakusanya kanga zao, mmoja akapanda juu ya kinu. Mama akainua upawa ampige. Mbwa akakaa vizuri zaidi. Akaushusha kwa hasira, mbwa akalala. Akasogea kulia, mbwa naye kulia. Sufuria hakuligusa wala hakulinusa.

"Bi mkubwa," mtu akasema kutoka kwenye kinu, "mwenzio anangoja amri!"

Uani pakaangua kicheko mpaka pilau likashika chini. Mama peke yake hakucheka.

"Si uani kwangu, lakini ni uani," akaniambia. "Basi tena."

Akatoka na upawa wa harusi mkononi, akashika njia ya bondeni, mbwa nyuma yake. Nami nyuma ya mbwa, nabembeleza, naomba radhi, hageuki. Alipofika dunguni akaanza kupanda. Nilisimama chini nimenyoosha mikono kama kwamba ningeweza kumdaka. Alipofika juu akageuka, akamtazama mbwa aliyekuwa chini ya nguzo, akainua upawa. Mbwa akakaa. Akaushusha. Mbwa akalala. Mama akauinua tena, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike baba.

"Huyu akiambiwa kaa, anakaa," akasema. "Wewe nakwambia uolewe tena, unanisikia?"

Kumrudisha mbwa kule Nyamisati hakukutajwa tena. Nguruwe wamekuja, wamefukuzwa, mpunga umesimama. Na mama bado yuko juu. Mchana anashuka kuoga na kuswali, jioni anapanda, na huko juu anazungumza na mbwa. Nikipita njiani namsikia akimsimulia jinsi baba alivyokuja kumposa, habari ambazo mimi, mtoto wake wa kumzaa, sijawahi kupewa. Namwonea mbwa wivu. Ni aibu kuusema, lakini ndio huo.

Kumsihi ashuke nimeacha. Nimeing'oa ngazi ya zamani, nikapigilia mpya ya boriti nene, na mahali pa kushika pande zote mbili.

Jana jioni nilimpelekea wali na samaki. Nikapanda nusu ya ngazi, nikamkabidhi bakuli. Akafunua, akalitazama, kisha akanitazama mimi.

"Na chake?"

Nilikuwa nimesahau.

"Rudi," akasema.

Nikashuka, nikarudi nyumbani kufuata chakula cha mbwa.