Nuru Iliyokwenda Upande wa Pili

Maabarani alijulikana kama Dada Kibano, kwa vile kibano hakikumtoka mkononi. Aliyempa jina hilo ni fundi mwenzake, Kalamu, aliyekaa naye meza moja miaka minane. Kisha Kalamu akapata kazi mbali, akaaga siku ya Ijumaa, akamwachia michoro na chumba kizima. Jumatatu Dada Kibano akajikuta anasalimia mashine.

Kazi aliyoachiwa ni kuingiza nuru kwenye chipu ndogo kama ukucha. Si nuru ya kuonekana. Ni terahezi, mawimbi yaliyo kati ya redio na joto. Ikitoka hewani haikubali kuingia hivi hivi katika njia nyembamba ya dhahabu iliyo juu ya chipu. Ndiyo maana mlangoni pake pametandazwa vipande vidogo mno vya dhahabu, viikunje na kuilaza juu ya njia. Njia ina ncha mbili, kushoto na kulia; kwenye ncha moja, kipokezi hupima kilichofika.

Miezi saba kilichofika kilikuwa sifuri. Alikausha hewa, maana hata unyevu wa pumzi huimeza nuru hiyo. Akabadilisha chipu. Sifuri. Kumpigia Kalamu hakutaka; alikuwa na hamu naye kupita kiasi, akachelea sauti ingemsaliti.

Adhuhuri moja akajikaza, akapiga.

"Dada Kibano. Nilidhani umenisahau."

"Nikusahau vipi na mwandiko wako umejaa ukutani? Niambie, vile vipande vinaipeleka nuru kushoto au kulia?"

"Unatazama mchoro wa pili?"

"Huo huo."

"Ole wangu. Ule niliuchora chipu ikiwa imelala kifudifudi. Kushoto kwake ni kulia kwako."

Dada Kibano alicheka mpaka akaketi. Kumbe nuru ilikuwa ikiingia vizuri tu na kwenda zake upande wa pili, yeye akiingojea upande huu.

"Nisamehe, dada. Naitwa kikaoni. Nitakupigia."

Akahamisha kipokezi. Mstari kwenye skrini ukapanda, ukatulia juu. Aligeuka aseme neno, akakuta kiti kitupu. Akampigia Kalamu, simu ikaita mpaka ikakatika. Akampigia mdogo wake mwenyewe, akamweleza.

"Kwa hiyo taa imewaka?"

"Haionekani kwa macho."

"Umejuaje basi?"

"Namba zimepanda."

"Haya, hongera. Umekula?"

Hakuwa amekula. Alichora mchoro mpya, chipu ikiwa imelala chali, akaandika kwa herufi kubwa upande upi ni upi, kwa ajili ya mtu atakayekuja, kama atakuja. Kalamu hakupiga siku ile, wala iliyofuata.