Akelo na Mausi Isiyojua Kwao

Akelo Ogada nilimfahamu kwa kiwiko. Siku yake ya kwanza kiwandani Nyakato, pale tunapokata minofu ya sangara, msimamizi alimweka kulia kwangu, na kabla ya saa ya chai alikuwa ameshanipiga mbavu mara kumi na moja. Kila akivuta kisu, kiwiko kinakuja. Kila kiwiko kikija, anasema, "Samahani, dada Sabina." Ilipofika mchana nilikuwa naitikia "usijali" kabla hata hajanigusa.

Huyu mwenzetu anatumia mashoto. Shuleni kwao Rorya mwalimu alimchapa mpaka akakubali kuandika kwa mkono wa kulia, lakini mambo mengine yote aliyaacha kushoto: kisu, sindano, mwiko, hata kupunga mkono. Baada ya wiki mbili msimamizi alinionea huruma, akamhamishia ncha ya meza, kushoto kabisa, ambako kiwiko chake kinapiga hewa. Tangu hapo hakuna anayemfikia kwa kasi, na mimi mbavu zangu zimepona, na sisi wawili ni marafiki.

Mume wake ni Jovitus Rwekaza, Mhaya wa Bukoba, mwalimu wa jiografia. Ni mrefu, mpole, na hueleza jambo lolote kana kwamba nyuma yake kuna ramani. Wanaishi Igogo, na sebuleni kwao kuna kompyuta moja. Kwenye kompyuta hiyo kuna gemu ya meli za kivita, nayo ndiyo starehe yao. Wengine huenda baa, wao huzamisha meli.

Shida ilikuwa mausi. Ile waliyokuwa nayo ilitengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia tu. Imevimba upande huu, imebonyea upande ule ili gumba la kulia lipate pa kulala, na kwenye kibonyeo kuna vitufe viwili: cha mbele kinatoa moshi wa kuficha meli, cha nyuma kinashusha nanga. Jovitus akiishika, mkono wake unatulia. Akelo akiishika, ni sawa na kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Gumba lake linakosa pa kwenda, na kidole chake cha pete, maskini, ndicho kinachoangukia vitufe. Meli inakwenda mbio vitani, risasi zinatoka, mara inasimama ghafla katikati ya maji kama imekumbuka kitu nyumbani.

"Nani kashusha nanga?" Jovitus alikuwa akiuliza.

"Kidole cha pete."

"Kiambie kisifanye hivyo."

"Kiambie wewe. Wewe ndiye uliyekivisha pete."

Wangeweza kuishi hivyo miaka mingi. Lakini mwezi wa sita Jovitus aliona tangazo Nyegezi, karibu na stendi: mashindano ya gemu hiyohiyo, timu za watu wawili wa nyumba moja, kompyuta moja kwa kila timu. Mmoja anacheza dakika tano, mwenzake anapokea anamalizia, na saa haisimami wakati wa kupokezana. Kila timu ije na mausi yake.

Walijaribu kupokezana nyumbani. Akelo anainuka, Jovitus anachomoa mausi ya kushoto waliyomwazimia mkewe, anachomeka yake, waya unanasa kwenye kikombe, kikombe kinaanguka, na wakati wanafuta chai meli imeshazama. Hapo wakakubaliana kwamba wanahitaji mausi moja inayokubali mikono yote miwili.

Jovitus alitumwa mjini. Akarudi na mausi ambayo muuzaji alimwapia kwamba ni ya pande zote. Kweli umbo lake lilikuwa sawa kulia na kushoto, lakini vitufe vya pembeni vilikuwa upande mmoja tu. Nanga ikaendelea kushuka. Akaenda tena, akarudi na nyingine, ndogo kiasi kwamba ilipotea ndani ya kiganja chake, na haikuwa na kitufe cha pembeni hata kimoja.

"Hii angalau haibagui," akasema.

"Haibagui kwa sababu haina kitu," akajibu Akelo.

Wakati huo mama yake Jovitus, Ma Kokuberwa, alikuwa amekuja kwa meli kutoka Bukoba kupima macho. Ma Kokuberwa ni mfupi, mnene kiasi, na husali rozari kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya madai. Aliuza vitenge sokoni miaka thelathini. Akelo alimwogopa. Asubuhi ya kwanza alijisahau akampa chai kwa mkono wa kushoto, na Ma Kokuberwa akakiangalia kile kikombe kana kwamba kuna mjusi anaogelea humo. Alingoja mpaka Akelo akakihamishia kulia, ndipo akapokea.

Sasa Ma Kokuberwa alikaa siku tatu akisikiliza habari za mausi. Siku ya nne akaweka rozari chini.

"Jovitus, mwanangu. Wewe umesoma, lakini kununua hujui. Kesho nakwenda mwenyewe na mke wako."

"Mama, unajua mausi ni nini?"

"Sijui. Najua wauzaji."

Haya ya dukani alinisimulia Akelo siku iliyofuata, na ilibidi aweke kisu chini kwanza maana alikuwa anacheka mno. Duka lenyewe liko mjini kati, juu kidogo ya Makoroboi, na muuzaji ni bwana mmoja anaitwa Machibya, mwenye ulimi mwepesi.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Nionyeshe mausi ya mikono miwili."

"Zote ni za mikono miwili, mama. Ukichoka huu, unahamia huu."

"Vizuri," akasema Ma Kokuberwa. "Hamia."

"Eti?"

"Hamia huo wa kushoto. Andika jina lako hapo kwenye kompyuta, nikuone."

Machibya alicheka, akaona mwenzake hacheki, akafungua ukurasa wa kuchorea na kushika mausi kwa kushoto. Kilichotokea kwenye kioo kilifanana na uji uliomwagika. Herufi ya kwanza ilianza vizuri, ya pili ikaikimbia ya kwanza, na alipofika katikati ya jina kidole chake kikabofya kitufe cha pembeni na ukurasa wote ukafungika.

"Umefuta jina lako mwenyewe," akasema Ma Kokuberwa. "Na hilo gumba lako mbona linaning'inia nje kama mgeni ambaye hajaambiwa akae? Leta nyingine."

Akaleta nyingine, na nyingine. Ma Kokuberwa alizipima uzito moja kulia moja kushoto. Alizigeuza tumbo juu. Alizinusa, ingawa Akelo hakuelewa alikuwa anatafuta harufu gani. Mwishowe akabuni kipimo chake mwenyewe: anampa Machibya mgongo, anaweka mikono nyuma, Machibya anamkabidhi mausi bila yeye kuiona, naye anaipapasa.

"Hii ya kulia. Gumba lina kitanda, vidole vingine vimelala chini."

Akaletewa nyingine.

"Hii inajifanya ya pande zote, lakini vitufe viko huku tu. Mwongo."

Watu wawili waliokuja kununua chaja wakasimama kutazama. Machibya alianza kutoa jasho, akapanda ngazi, akashusha boksi lililojaa vumbi.

"Hii imekaa sana, mama. Watu hawaipendi."

Ma Kokuberwa akaipapasa. Akaizungusha. Akaipapasa tena, na wale wa chaja wakasogea.

"Mbele ni huku," akasema polepole. "Lakini kulia… kushoto…" Akaizungusha mara ya tatu, akashangaa kwa Kihaya. "Waitu! Hii haijui kwao."

Akageuka kuiona. Pande zake zilikuwa sawa kabisa, vitufe viwili huku, viwili kule. Ilikuwa ya rangi ya waridi iliyokolea, mgongoni imechorwa vipepeo. Ma Kokuberwa akaiweka mezani, akaishika, akaanza kukisogeza kile kishale kwenye kioo, taratibu, bila kutetemeka. Akaandika KOKU.

"Mama," akasema Akelo kwa sauti ndogo. "Umeshika kwa kushoto."

Ma Kokuberwa aliiachia kana kwamba ina moto.

"Mkono wa kulia ulikuwa na pochi."

Pochi ilikuwa begani. Akelo aliiona, Machibya aliiona, wale wa chaja waliiona. Walikuwa wameshafika nyumbani, Akelo anamenya ndizi jikoni, ndipo mama mkwe wake alipokuja kusimama mlangoni.

"Walinichapa mpaka darasa la tatu," akasema. "Nikadhani umekwisha, huu mkono. Leo naona ulikuwa unanisubiri tu."

Akelo aliniambia kwamba alimpa kisu. Wakamenya pamoja, wote kwa kushoto, na maganda yote yakaangukia upande mmoja.

Msifikiri matatizo yaliishia hapo. Mausi yenye vitufe pande zote mbili ina ugonjwa wake. Gumba la Akelo sasa lilipata vitufe vyake upande wa kulia, sawa, lakini kile kidole cha pete kiliendelea kuangukia vitufe vya Jovitus upande wa kushoto, na cha Jovitus kikaanza kuangukia vya Akelo. Sasa nanga zilishushwa na wote. Jovitus aliona kwamba vitufe vya upande mmoja vinaweza kuzimwa kwenye kompyuta, lakini kwa sababu wanapokezana katikati ya mchezo, kuvizima na kuviwasha kungekula muda uleule waliokuwa wanautafuta. Akachora mchoro, akaeleza kama yuko darasani, na suluhisho likawa moja: kila mtu akifundishe kidole chake cha pete kukaa juu.

Wakaanza mazoezi. Jovitus alishika chaki kidole kimeinuka, na wanafunzi wakadhani amekuwa mtu wa maringo. Akelo alikata minofu kidole kimeinuka, kama bibi harusi anayekunywa soda. Msimamizi akaja.

"Akelo, umejikata?"

"Hapana, bosi. Nakifundisha."

Msimamizi alikitazama kile kidole, akatutazama sisi, akaondoka akiandika kitu kwenye karatasi yake.

Jumamosi ya mashindano nilikwenda nao Nyegezi kushangilia. Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na timu kumi na sita, nyingi ni kaka na dada wa chuo, wenye mausi nyeusi zinazowaka taa. Jovitus alipotoa ile ya vipepeo kwenye mfuko wa suti, upande wa kulia wa ukumbi ulicheka wote. Kwa bahati mbaya ndiko walikokaa wanafunzi wake.

Lakini kicheko kiliisha saa ya kupokezana. Wenzao walichomoa, wakachomeka, wakagongana vichwa. Akelo aliinuka kulia, Jovitus akaingia kushoto, mausi ikabaki palepale katikati, na meli yao haikupunguza hata mwendo. Wakazamisha timu ya kwanza, na ya pili. Ma Kokuberwa, aliyekuja na miwani mpya, alikuwa anasimama na kunikalisha mimi kila nilipotaka kusimama.

Nusu fainali walikutana na ndugu wawili wanaosoma uhandisi. Wale vijana walikuwa hatari. Ilipofika dakika ya tano Akelo alikuwa amebanwa kwenye miamba, mkono umelowa jasho, na Jovitus kwa wasiwasi akaingia kabla ya wakati. Kiganja chake kikatua juu ya kiganja cha mkewe.

"Achia!"

"Nimeachia!"

"Hujaachia!"

"Yawa, Jovitus! Huo ulioshika ni mkono wangu!" akapiga kelele Akelo, Kijaluo kimemponyoka.

Vidole kumi juu ya mausi moja. Vitufe vyote vinne vikabofywa kwa pamoja. Moshi ukatoka, nanga ikashuka, moshi ukatoka tena, na meli yao ikasimama tuli, imefunikwa na wingu jeupe. Wale ndugu wawili walikuwa wanakuja kasi kuimaliza. Hawakuona kitu. Wakapita ubavuni kama upepo, wakapanda juu ya miamba, na meli yao ikakatika vipande viwili.

Mwamuzi akarudia kutazama mara tatu. Kisha mmoja wa wale ndugu akasimama na kusema kwa heshima kabisa, "Hiyo mbinu hatujawahi kuiona."

"Tumeifanyia mazoezi," akasema Jovitus.

Fainali walishindwa ndani ya dakika mbili. Akelo alikuwa bado anacheka, machozi yanamtoka, na mtu hawezi kulenga shabaha akiwa anacheka. Jovitus hakupata hata nafasi ya kupokea. Lakini nafasi ya pili ni nafasi ya pili. Walipoitwa mbele, Akelo alinyoosha mkono wa kushoto bila kufikiri, mwamuzi akababaika kidogo, naye akatoa wa kushoto. Wakashikana vizuri tu.

Zawadi ilikuwa kiti cha kuchezea gemu, kikubwa, cheusi, chenye magurudumu na mgongo unaolala. Kimoja, kwa timu ya watu wawili. Kabla mume na mke hawajaanza kujadiliana, Ma Kokuberwa alikuwa ameshakikalia.

Hakikuingia kwenye bajaji. Tulijaribu miguu kwanza, tukajaribu kichwa kwanza, mwisho Jovitus alikifunga kwenye toroli la mizigo na kulifuata kwa miguu akiwa na suti yake, huku sisi wanawake watatu tukitangulia. Kilipofika Igogo, Ma Kokuberwa alitaka kiwekwe mbele ya kompyuta. Akakaa, akajizungusha mara moja, akajizungusha mara ya pili, miguu haigusi chini. Kisha akauliza ile meli inawashwa wapi, na kama kuna mtu atakayemletea chai.