Uso wa Baba Ulioelekea Kindu

Mama ndiye aliyenituma Obokote, kijiji cha Lubutu. Wakati wa vita, barabara zikiwa zimefungwa, baba yangu, mchuuzi wa vitambaa, alipanda hapa Kindu ndege kuukuu ya jeshi, abiria wakiwa wameketi juu ya magunia ya mchele. Ikaanguka msituni huko Lubutu, asipone mtu. Tulisikia tu kwamba wanakijiji waliwazika. Tangu hapo mama hakutulia: je, baba alivikwa sanda? Alielekezwa kibla? Sasa amezeeka, akataka jibu.

Asubuhi nilivuka Lualaba kwa mtumbwi, nikapanda pikipiki ng'ambo. Ukishapita Punia, njia ni matope na madaraja ya magogo. Dereva alinishusha kila daraja, akidai mimi ni mzito kuliko mzigo. Sikubisha, kiuno kilikuwa kimekwisha zamani.

Obokote nilipokewa na Mama Anyesi, mkulima, Mkristo, aliyeniwekea maji ya kuoga kabla hata ya kuniuliza jina. Nilipomweleza shida yangu akanipeleka pembeni mwa shamba lake. Kaburi lilikuwa limefagiliwa.

"Kati ya wote, yeye tu alikuwa na kofia na tasbihi, tukajua njo muislamu," alisema. "Nikatoa shuka yangu nyeupe ya ndoa, tukamuvika. Tulisikia muislamu anazikwaka kwa ubavu, uso inaangalia mji yake mutakatifu. Na mji ya baislamu yenye sisi tunajua njo Kindu. Tukamuelekeza kule."

Akanyoosha mkono kusini. Kibla iko kaskazini, mgongoni mwa baba. Nilimshika yule mama mikono nikalia, na yalikuwa machozi ya shukrani. Hakuwa ndugu wala jirani, akatoa shuka ya ndoa yake. Kosa lake sikumwambia.

Njiani kurudi ndipo hofu iliponishika. Mama nitamwambia nini?

Nyumbani Kindu, mtaa wa Kasuku, nilimkuta mama juu ya mkeka wake wa kusalia. Nilimsimulia yote bila kuficha. Aligeuka akatazama upande anaosalia.

"Mimi nikisali," akasema, "kibla yetu huku njo upande wa Lubutu. Naangaliaka kule, na yeye anaangalia huku. Kumbe miaka hii yote tuko tunaangaliana."

Alicheka kidogo, akapangusa macho. Kisha akafungua kasha lake, akatoa shuka nyeupe mpya, nzuri kuliko zote alizonazo, akaniambia nimtafute tena yule dereva, Mama Anyesi apate shuka yake.